Wimbo Uliotuchekesha Uani

Huku kwetu Bariadi, pamba ikisha kuuzwa na mtama ukisha kuingia ghalani, jioni huwa na nafasi, na watu hukaa uani wakizungumza hata mwezi uwe juu. Jioni moja ya namna hiyo, katika mwaka 2022, tulikuwa tumekaa uani petu pamoja na mama yetu mzazi, mke wetu, watoto wetu watatu, na majirani wawili waliokuja kumtazama ndama aliyezaliwa mchana ule. Mara simu yetu ikalia. Alikuwa mwalimu mwenzetu aliyeko Mwanza, mtu tuliyesoma naye chuo kimoja, ametuletea wimbo, na chini yake ameandika maneno mawili tu: "Sikilizeni, mcheke."

Tukaufungulia wimbo katika redio ndogo ili watu wote wasikie. Kwanza ilikuja mikwaruzo, kama mvua ya kwanza juu ya bati, kisha kinanda, kisha sauti ya mwanamume akiimba Kiingereza upesi upesi. Hata alipofika mwisho wa ubeti, yule mtu akaanza kucheka. Hakucheka ovyo. Alicheka kwa kufuata kinanda, kicheko chenye mpango wake, kikipanda na kushuka, kikikatika na kuanza tena. Mtoto wetu wa mwisho, asiyejua neno hata moja la Kiingereza, akaanguka chini kwa kucheka. Jirani mmoja akashika mbavu. Mama yetu, ambaye si mtu wa kuchekacheka, akafunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika. Nasi tukacheka. Twalisema jambo hili mapema, maana yote yanayofuata yametokana nalo: tulicheka kabla hatujasikiliza maneno, tena ni sisi wenyewe tuliousimamisha wimbo na kuurudia toka mwanzo.

Mara ya pili tukasikiliza. Wimbo wasimulia habari ya mtu mweusi anayepita njiani, na watu wanaomwona wanamsema. Wanausema mguu wake, wanausema mdomo wake jinsi ulivyo mkubwa, wanamwita kwa jina la kumdharau kwa ajili ya rangi yake. Na katika kumdhihaki wanasema kwamba siku moja atakuwa mfalme wa Afrika. Naye, kwa kila tusi, jibu lake ni kicheko kile kilichomwangusha mtoto wetu. Ndugu msomaji, tuliposikia Afrika ikitajwa kuwa ndicho kilele cha mzaha, tukautazama uani wetu, na ndama, na mtama uliomwagika mlangoni pa ghala, tukaona kwamba watu wa wimbo ule walikuwa wakiyacheka haya.

Mama akauliza, "Anasema nini huyu, mwanangu?"

Tukajibu, "Anacheka tu, mayu."

Huo ulikuwa uongo, na usiku ule hatukupata usingizi mzuri.

Siku zilizofuata tukatafuta habari za yule mtu. Jina lake George W. Johnson. Alizaliwa katika jimbo la Virginia, katika Marekani, kadiri ya mwaka 1846, wakati watu weusi wa huko walipokuwa wangali wakinunuliwa na kuuzwa. Utumwa ule ulikomeshwa mwaka 1865. Alipokuwa mtu mzima alikwenda mjini New York, akawa akiimba na kupiga mluzi penye vituo vya vivuko, wapitao wakimtupia senti. Kadiri ya mwaka 1890 watu wa biashara ya fonografu wakamsikia, wakamweka mbele ya mashine. Hivyo akawa mtu mweusi wa kwanza katika Marekani ambaye sauti yake iliwekwa katika chombo na kuuzwa kwa watu. Nyimbo zake mbili zilizovuma ni huo tuliousikia, uitwao The Laughing Song, na mwingine wa mluzi, uitwao The Whistling Coon.

Neno hilo la mwisho yafaa tulieleze. Katika misitu ya Marekani yuko mnyama mdogo mwenye mistari mkiani, atembeaye usiku na kuiba mahindi shambani. Jina la mnyama huyo likafupishwa, wakabandikwa watu weusi. Kuanzia miaka ya 1890 zikatungwa nyimbo nyingi mno zenye jina hilo, na ndani yake mtu mweusi ni mwizi wa kuku, mvivu, mwenye wembe mfukoni, mwenye nguo za rangi rangi asiyejua kuzivaa. Wengi wa walioziimba walikuwa wazungu walioiga matamshi ya watu weusi, kama yule Arthur Collins aliyesikika sana katika mashine za siku zile. Ilikuwa desturi ya zamani. Tangu kadiri ya mwaka 1830 mzungu mmoja, T. D. Rice, alikuwa akijipaka uso weusi na kucheza jukwaani kwa jina la Jim Crow. Na jina hilo la mchezo ndilo walilokuja kupewa sheria zilizowatenga watu weusi katika magari ya moshi, mashule na mahali pa kulia chakula. Tena tazama miaka inavyokwenda pamoja. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi katika magari ya moshi ni halali. Mwaka ule ule ulitoka wimbo mmoja usemao kwamba watu weusi wote ni sura moja, nao ukanunuliwa mno, na aliyeutunga alikuwa mtu mweusi, Ernest Hogan. Yasemwa kwamba aliujutia kabla hajafa mwaka 1909.

Lakini turudi kwa Johnson, maana ni yeye aliyeingia uani petu.

Siku zile sauti ilichorwa juu ya silinda ya nta, iliyo kama kipande cha mwanzi mnene, wala hapakuwa na njia njema ya kutoa nakala nyingi katika silinda moja. Kwa hiyo waliziweka mashine chache mbele ya mwimbaji, midomo ya baragumu zake ikimwelekea, akaimba. Zikatolewa silinda zile, zikatiwa nyingine, akaimba tena wimbo ule ule. Makumi ya maelfu ya silinda za Johnson ziliuzwa, nazo zilitaka aimbe mara nyingi ajabu. Wanaoandika habari zake wanasema alilipwa senti 20 za Marekani kwa kila mara, na ya kuwa kwa siku moja aliweza kuimba mara 50 na zaidi.

Tulipoyasoma hayo tuliiweka simu chini. Tulikuwa tumejipa faraja moja: kwamba labda kicheko kile kilikuwa jibu lake, kwamba alikuwa akiwacheka waliomcheka. Bado hatuwezi kusema kwamba sivyo. Lakini ni nani acheka kwa moyo mara ya 50, koo limekauka, mtu wa mashine akimwonyesha kidole aanze tena? Kicheko kile kilikuwa kazi, kama palizi.

Hata ilipopatikana njia ya kutoa nakala nyingi katika silinda moja, haja ya kuimba kila siku ikaisha, na riziki ya Johnson nayo ikaisha. Rafiki yake mzungu, Len Spencer, mwimbaji mwenziwe wa mashine, akampa kazi ya kukaa mlangoni pa ofisi yake. Alikufa mwaka 1914, akazikwa New York katika makaburi ya Maple Grove, pasipo jiwe lenye jina. Jiwe liliwekwa mwaka 2014, yaani miaka 100 baadaye.

Huko Marekani maktaba kubwa ya Bunge lao ilifungua mwaka 2011 ghala ya sauti za zamani, kila mtu asikilize bure. Nao wameweka onyo la kumwambia msikilizaji kwamba atakutana na maneno ya kuudhi. Tena kwa sheria yao ya mwaka 2018, sauti zote zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 zilikuwa mali ya watu wote tangu Januari 1, mwaka 2022. Basi sasa zasafiri zipendavyo. Onyo ndilo lisilosafiri. Lilibaki Washington, na kicheko kikafika Bariadi peke yake, kikiwa na maneno mawili ya mwalimu mwenzetu. Hatumlaumu. Naye alikuwa amecheka.

Katika shule tunayofundisha tuliwasimulia waalimu wenzetu mambo haya wakati wa chai. Mmoja wao, mtu mcheshi, akasema, "Lakini huo si utani tu? Hata sisi twatukanana." Neno lake lilitushika, kwa kuwa ni kweli. Sisi Wasukuma twahesabiwa upande wa Wanyamwezi katika utani na Wazaramo, utani wa tangu siku za misafara ya pwani. Mtani huja msibani, akajilaza mahali pa maiti, akaiga kikohozi cha marehemu mbele ya wajane, wala hakuna amkasirikiaye. Na katika mbina za Bagika na Bagalu baada ya mavuno, manju wa upande huu humtungia mwenziwe maneno ambayo hatuwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na Wakristo. Tulikuwa watoto, tuliyasikia, tukayaimba njiani tukichunga ng'ombe, na tulipigwa kwa ajili yake.

Walakini manju anayetukanwa yupo pale pale uwanjani. Ana ngoma yake, ana watu wake, na jua halijachwa naye atakuwa amekwisha kujibu. Na watazamaji ndio waamuzi, kwa kuhamia upande uliowapendeza. Mzaramo akiiga kikohozi cha babu yetu leo, kesho tutaiga cha kwake. Ndivyo utani ulivyo. Katika nyimbo zile za Marekani, uwanja ulikuwa wa mtu mmoja. Mashine zilikuwa zake, duka lake, senti 20 zake. Johnson aliitwa aje atie sauti tu.

Wako waliopata uwanja, nasi twapenda kuwataja. Mwaka 1871 vijana wa shule ya Fisk, mjini Nashville, wengi wao waliozaliwa utumwani, waliondoka kwenda kuimba mji kwa mji ili kuiokoa shule yao iliyokuwa haina fedha. Watazamaji wengi walizoea kuona nyuso zilizopakwa weusi na vichekesho. Vijana wale wakasimama wima, wakaimba nyimbo za kuabudu za wazee wao watumwa. Kwa fedha walizopata lilijengwa jumba la Jubilee Hall, lililomalizika mwaka 1876, na mwaka 1909 waimbaji wa shule ile wakatiwa katika santuri. Mwalimu yeyote aliyepata kuchangisha fedha za bati la darasa ataelewa kwa nini habari hii yatupendeza.

Na yuko mmoja wa huku kwetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja kadiri ya mwaka 1880, alikuwa akiuza vyungu mjini kabla hajaanza kuimba. Baba yake asili yake alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo sisi humhesabu kuwa dada. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, akaimba Kiswahili mbele ya mashine za kampuni ya gramafoni, na santuri zake zikaenea pwani yote na bara. Alipokwisha kupata sifa, wenye wivu walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba ni mtu wa shamba, asiye na ukoo wala sura. Mambo haya yalikuwa mazito katika Unguja ya siku zile, maana kumwita mtu wa shamba ilikuwa karibu sawa na kumwita mtumwa. Siti hakucheka kwa kinanda. Alijibu kwa wimbo, akiiweka akili mbele ya sura na ukoo, na jibu lake ndilo watu wanalolikumbuka hata leo. Marehemu Shaaban Robert alipoandika maisha yake, ndiye huyo aliyemsifu; waliomtukana hatuwajui majina.

Tungependa kuishia hapo kwa Siti, msomaji akaweka gazeti chini akiwa na furaha. Lakini tulidanganya uani petu, na sababu ya uongo ule haikuwa Johnson.

Tulipokuwa katika chuo kimoja cha ualimu cha misheni, mbali na huku, tulikuwa Wasukuma wachache. Wenzetu wa pwani na wa kaskazini walitucheka matamshi yetu. Katika Kisukuma hakuna sauti ya r, na mzee wa kwetu akisema Kiswahili hutia l mahali pake. Akisema "habari" yatoka "habali". Vichekesho vya namna hiyo vinauzwa sana Dar es Salaam, redioni na katika televisheni, na siku hizi katika simu: Msukuma mshamba, amefika mjini na fedha za ng'ombe, hajui kuvuka barabara. Baadhi ya wachekeshaji hao ni watu wa kabila letu wenyewe. Hatuna ugomvi nao, na tumekwisha kuwacheka mara nyingi. Twataka tu kusema kwamba tuliianza kazi hiyo kabla yao.

Maana tuligundua mapema kwamba kuchekwa kunauma, bali kuchekesha kuna malipo. Babu yetu, baba yake mama, aliwahi kwenda benki mjini siku ya kupokea fedha za pamba, na alipoona sakafu inavyong'aa akavua viatu vyake mlangoni, akaingia navyo mkononi. Alitusimulia mwenyewe, kwa adabu, kama mtu asimuliavyo safari. Sisi tukaichukua habari ile mpaka bwenini. Kila Jumamosi usiku tulimwigiza babu: tukatembea kwa ncha za vidole, tukamsalimu karani kwa l zote za kabila letu, tukauliza kama ng'ombe waweza kuwekwa benki. Hilo la ng'ombe babu hakulisema. Tulilitia wenyewe, kwa kuwa wenzetu walilipenda. Tulipewa sukari, tulipewa mkate, tulipewa mahali pazuri karibu na taa. Hakuna aliyetuita Msukuma mshamba tena, kwa kuwa mshamba alikuwa babu.

Likizo ya Desemba rafiki mmoja wa bwenini alikuja kututembelea nyumbani. Si mtu mbaya. Mpaka leo twaandikiana. Babu alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yake. Akatoka nje kumpokea mgeni, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Kalibu, mgeni wetu, habali za safali." Na rafiki yetu, aliyekuwa ameisikia sauti ile miezi mingi, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akainama.

Babu akatutazama, akauliza kwa Kisukuma, "Mgeni anacheka nini?"

Tukajibu, "Anafurahi tu, babu."

Ndipo babu naye akacheka, kwa sauti kubwa, ili mgeni asione haya. Mama yetu alikuwa amesimama pale na chungu mkononi.

Babu alifariki miaka michache baadaye. Hatukupata kumwambia.

Basi juma moja baada ya jioni ile ya wimbo, tulikwenda kwa mama alipokuwa akichambua choroko, tukamweleza habari za Johnson, toka mwanzo hata mwisho. Tukamfasiria maneno ya wimbo, hata lile la mfalme wa Afrika. Tulidhani atakasirika, au atasikitika kwamba alicheka. Yeye akauliza, "Alilipwa?"

Tukamwambia senti 20 kwa kila mara, na habari ya kuimba mara 50.

Akaendelea kuchambua choroko. Kisha akasema, "Sisi tulicheka bure." Akatueleza jambo ambalo hatukupata kulisikia. Katika ujana wake, penye mizani ya kununulia pamba, alikuwako karani aliyekuwa na desturi ya kuwatania wakulima, na zaidi wanawake: juu ya miguu yao yenye vumbi, juu ya harufu ya samli, juu ya kutojua kusoma namba za mizani. "Nasi tulicheka," akasema. "Ukinuna, mzigo wako unakuwa mwepesi. Mwenzangu mmoja alinuna, kilo zake zikapungua machoni petu sote. Tulicheka mpaka machozi, na njiani tukirudi hakuna aliyesema neno. Huyo mtu wako namjua."

Hatukuwa na la kusema. Tumesoma vitabu zaidi ya mama yetu, na kwa siku saba tulikuwa tumejisumbua kutafuta kama kicheko cha Johnson kilikuwa cha utumwa au cha ujanja, naye alikijua tangu zamani za mizani ya pamba, kwa kuwa alikuwa amekicheka mwenyewe. Alikuwa amekitambua jioni ile, au hakukitambua? Tulimwuliza. Akasema kwanza alicheka kwa sababu kinachekesha. Baadaye, alipokuwa amelala, alikumbuka mizani, wala hakujua ni kwa nini.

Ndipo tukamwambia habari ya bwenini na ya viatu vya babu. Tulisema tukitazama choroko.

"Nilijua," akasema. "Baba aliniuliza usiku ule. Aliniuliza kama mtoto ananionea haya, yaani anamwonea yeye. Nikamwambia hapana, ni vijana tu." Akanyamaza kidogo. "Nami nilimdanganya."

Wako watu, hapa na huko Marekani, wanaosema kwamba nyimbo kama zile zifutwe zisisikike tena. Twaelewa sababu yao, lakini hatukubaliani nao. Sauti ya Johnson ikifutwa, atabaki na lile jiwe la mwaka 2014 tu, na waliouza maneno yale watakuwa wamepona bila kuulizwa. Wala hatukubaliani na wale wasemao ni muziki wa zamani, usikilizwe kama muziki wa zamani. Hatutaufungulia wimbo ule mbele ya watoto wa shule siku ya kufunga muhula ili wacheke, wala hatutaupeleka kwa mtu katika simu ukiwa na maneno mawili. Darasa la saba tuliwapa habari kwanza: jina lake, Virginia, vivuko, silinda, senti 20, kaburi. Kisha wakasikiliza. Wengine walicheka, maana kicheko kile kina nguvu, nasi hatukuwakemea. Mtoto mmoja akauliza kama Johnson alikuwa na watoto, na kama watoto wake waliisikia silinda. Hatukuweza kumjibu.

Kwa mwalimu mwenzetu wa Mwanza tuliandika barua ndefu, tukamweleza yote, pamoja na mambo ya bwenini, kwa kuwa yeye alikuwako, na mkate mwingine ulikuwa wake.

Jioni ya siku ile ya choroko mama alituambia, "Ulete ule wimbo, nimsikie tena." Tukauleta. Alikaa na redio mapajani, kichwa amekiinamisha, akasikiliza ubeti ambao sasa alijua maana yake. Kicheko kilipoanza, mtoto wetu wa mwisho akaja mbio kutoka nyuma ya zizi, akaanguka chini kwa kucheka kama mara ya kwanza. Tukataka kumnyamazisha. Mama akatuzuia kwa mkono, naye hakuinua kichwa mpaka mikwaruzo ilipokwisha.